Una rekodi ya jinai na ndugu yako yuko gerezani Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wenye rekodi ya jinai hawathubutu hata kuomba kumtembelea ndugu yao aliyefungwa. Wanajihukumu wenyewe wakiwa bado nyumbani, na mfungwa kule anabaki kujiuliza amewakosea nini hata wamtupe. Ukurasa huu ni wa kwao: Waswahili wenzetu waliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi au kwingineko, wanaoishi Marekani, wenye kesi ya zamani au ya karibuni, na wenye mtu wao gerezani. Sehemu kubwa inahusu magereza ya serikali kuu, yaani yaliyo chini ya idara inayojulikana kwa herufi BOP, kwa sababu kanuni zake ni moja nchi nzima. Ya majimbo na kaunti nimeyagusa mbele kidogo. Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili, na pale wakili anapohitajika nimesema wazi.

Nina rekodi. Kweli naweza kuruhusiwa?

Ndiyo, unaweza. Kanuni inayosimamia orodha ya wageni katika magereza ya serikali kuu, 28 CFR 540.44, inasema kwamba kuwahi kutiwa hatiani, peke yake, hakumzuii mtu kutembelea. Wafanyakazi wa gereza wanatakiwa kupima kosa lilikuwa la aina gani, makosa ni mangapi, na yalitokea lini, kisha wayalinganishe na usalama wa gereza. Wakati mwingine inabidi mkuu wa gereza mwenyewe atoe kibali.

Kwa hiyo mtu aliyekamatwa mwaka 2011 akiendesha gari amelewa hayuko sawa na aliyetoka jela mwaka jana kwa kuuza dawa za kulevya. Na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuingiza simu au dawa gerezani yuko pagumu kuliko wote wawili. Hakuna jedwali linalosema "miaka mitano, pita, miaka minne, rudi nyumbani". Anayeamua ni binadamu anayesoma faili lako, ndiyo maana unachoandika na jinsi unavyokiandika vina uzito.

Jambo jingine la kukupa moyo: wazazi, walezi, kaka, dada, mume, mke na watoto wa mfungwa wana nafasi ya pekee katika kanuni hiyo. Wanatakiwa kuwekwa kwenye orodha isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuwazuia.

Nitajuaje yuko gereza la nani?

Tovuti ya BOP ina ukurasa wa kumtafuta mfungwa kwa jina au kwa namba. Namba ya mfungwa wa serikali kuu ina tarakimu 8: tano, kistari, kisha tatu. Usipompata huko, tafuta kwenye tovuti ya idara ya magereza ya jimbo, halafu jela ya kaunti iliyo chini ya sherifu. Akiwa mikononi mwa uhamiaji, ICE wana ukurasa wao: unatafuta kwa namba yake ya A (namba ya faili la uhamiaji, inayoanza na herufi A) au kwa jina, pamoja na nchi aliyozaliwa.

Majina yetu huchanganywa mno. Jaribu kila mpangilio: jina la baba likiwa la mwisho, la babu likiwa la mwisho, "Mohamed" kwa o na "Muhammad" kwa u.

Nani anaanza kuomba, mimi au yeye?

Yeye. Mfungwa ndiye anayewasilisha majina ya watu anaotaka wamtembelee. Baada ya hapo unapata fomu, unaijaza, unaisaini na kuirudisha gerezani. Gereza linafanya uchunguzi, kisha linamjulisha mfungwa nani amekubaliwa na nani amekataliwa, na ni kazi yake yeye kukujulisha wewe. Usitegemee kupigiwa simu na gereza.

Usisafiri kabla hajakuambia kwa kinywa chake au kwa barua kwamba jina lako limepita. Kuna watu wanaoendesha gari usiku kucha kutoka Minneapolis au Dallas, wanafika getini alfajiri na watoto wamelala nyuma, kumbe jina halimo kwenye orodha. Askari wa getini hana mamlaka ya kuliingiza asubuhi ile.

Ni kweli kwamba mfungwa mpya, ambaye orodha yake haijakamilika, anaweza kutembelewa na familia ya karibu iliyotajwa kwenye ripoti aliyoandikiwa kabla ya hukumu. Mwenye rekodi asiutegemee mlango huo. Subiri kibali.

Fomu yenyewe inauliza nini?

Namba yake ni BP-A0629, nayo si ndefu. Inataka jina lako kamili la kisheria, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu, na uraia: raia anaandika namba ya Social Security, asiye raia anaandika namba ya A na ya pasipoti. Inauliza una uhusiano gani na mfungwa na kama mlifahamiana kabla hajafungwa. Kisha yanakuja maswali matatu yanayowatoa watu jasho. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Kama ndiyo, ni mara ngapi, lini, wapi, na kosa gani? Je, uko chini ya probesheni (adhabu ya kuangaliwa ukiwa nje ya gereza), paroli (kuachiliwa mapema kwa masharti) au uangalizi wowote, na ofisa wako ni nani, anapatikana wapi? Je, unawasiliana na wafungwa wengine au unawatembelea?

Ukisaini unaruhusu uchunguzi wa historia yako. Watatazama kwenye mtandao wa taarifa za polisi wa nchi nzima, kwa hiyo jibu wanaweza kulipata hata usipowapa.

Nafasi ya kueleza makosa ni finyu. Usijibane. Andika "tazama karatasi iliyoambatishwa" na uweke ukurasa mmoja uliopigwa chapa, kwa Kiingereza. Ukiuandika kwanza kwa Kiswahili ili mawazo yakae sawa, uwe kama hivi:

"Mwaka 2014, katika mahakama ya kaunti, nilikiri kosa la kumiliki dawa za kulevya. Nilipewa probesheni ya miaka miwili na niliimaliza mwaka 2016 bila kuvunja sharti lolote. Sijatiwa hatiani tena tangu hapo. Nafanya kazi ya kutunza wazee na ninaishi na watoto wangu. Mfungwa ni kaka yangu, tumezaliwa mama mmoja, na tumelelewa nyumba moja. Naambatisha hati ya mahakama inayoonyesha kesi yangu imefungwa."

Basi. Usilie kwenye karatasi, usimtukane hakimu, usieleze kwamba ulisingiziwa. Anayesoma anatafuta tarehe, kosa, ulivyomaliza adhabu, na ulivyoishi tangu hapo.

Kosa ni la zamani sana, au lilitokea nyumbani Afrika. Lazima niliandike?

Swali ni kama umewahi kutiwa hatiani. Halijaweka ukomo wa miaka wala mipaka ya nchi. Ukifungwa miezi sita Mombasa au Mwanza ukiwa kijana, hiyo ni hatia. Iandike. Na kama kwenye karatasi zako za ukimbizi au za viza ulijibu swali kama hilo kwa namna tofauti, usijaze fomu hii kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji.

Kukamatwa tu bila kutiwa hatiani si jambo moja na hatia, na fomu ya serikali kuu inauliza hatia. Kesi zilizofutwa au kufungwa kwa amri ya mahakama zina ugumu wake, kwa kuwa sheria za majimbo hazifanani, na mara nyingine kesi iliyofutwa jimboni bado inaonekana kwenye kumbukumbu za FBI. Muulize wakili aliyeshughulikia ufutaji namna ya kujibu, na uwe na nakala ya amri hiyo mkononi.

Vipi nikiacha swali wazi, au nikiandika "hapana"?

Nakuomba usifanye hivyo. Fomu yenyewe inakuonya kwamba maelezo ya uongo ni kosa la jinai chini ya 18 U.S.C. 1001, na adhabu yake inafika miaka 5 gerezani. Uje kumwona ndugu yako, uishie na kesi mpya!

Hata wasipokushtaki, uongo unakuharibia kuliko kosa lenyewe. Mkuu wa gereza anayesoma "nilitiwa hatiani 2014" ana nafasi ya kusema ni zamani. Anayesoma "hapana" halafu akakuta hatia ya 2014 kwenye kompyuta ana mtu anayedanganya leo, na huyo ndiye tishio la usalama analotakiwa kulizuia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sikumbuki vizuri kesi zangu. Nifanyeje?

Agiza rekodi yako mwenyewe kabla ya kujaza chochote. FBI wanatoa muhtasari wa rekodi kwa dola 18 pamoja na alama za vidole, na baadhi ya ofisi za posta zinachukua alama hizo kwa kompyuta. Polisi wa jimbo nao wana utaratibu wao. Rekodi ya FBI ikiwa na kosa, kuna njia ya kuipinga, na kuipinga hakulipiwi.

Kwa watu wetu hatua hii ni muhimu sana. Wengi waliokuja kama wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa sababu hawakuwa na cheti. Ukijumlisha na majina yaliyo ya kawaida kwetu, si ajabu mtu akabebeshwa kesi ya mwenzake, au kesi yake mwenyewe ikakaa chini ya majina mawili. Kama ndivyo, eleza kwenye ile karatasi ya kuambatisha: majina yote uliyowahi kuandikwa, na tarehe zote za kuzaliwa zilizo kwenye hati zako.

Niko chini ya probesheni sasa hivi. Naweza kwenda?

Hapa ndipo watu wengi huumia, nami nitakaa kidogo.

Gereza kukukubali ni ruhusa moja. Ofisa wako wa probesheni kukukubali ni ruhusa nyingine. Unazihitaji zote mbili, na uanze na ya ofisa.

Sababu ni hii. Mtu aliye chini ya uangalizi wa mahakama ya serikali kuu kwa kawaida anapewa masharti ya jumla. Mojawapo linasema usiwasiliane na mtu unayejua ametiwa hatiani kwa feloni, yaani kosa kubwa la jinai, bila kwanza kupata ruhusa ya ofisa. Sharti haliulizi kama mtu huyo ni mama yako. Ndugu yako aliyefungwa gereza la serikali kuu karibu kila mara ana feloni. Kwa hiyo kumtembelea, kupokea simu yake, hata kumwandikia barua, vyote vinaweza kuingia ndani ya sharti hilo. Omba ruhusa ya vyote kwa pamoja.

Sharti jingine linakukataza kutoka nje ya wilaya ya mahakama yako bila ruhusa. Wilaya hizo si sawa na majimbo. Texas pekee ina wilaya nne: mtu wa Dallas yuko wilaya ya kaskazini, na gereza la Seagoville liko humohumo, lakini Beaumont iko wilaya ya mashariki. Ukivuka unahitaji kibali cha safari hata kama hujatoka Texas. Na ndugu yako anaweza kuwa mbali zaidi ya hapo: sheria ya mwaka 2018 iitwayo First Step Act inaitaka BOP ijitahidi kumweka mfungwa ndani ya maili 500 za kuendesha gari kutoka nyumbani kwake, lakini inaruhusu nafasi kukosekana, usalama na mambo mengine kuizidi nguvu.

Omba kwa maandishi. Taja jina la mfungwa, namba yake, gereza, uhusiano wenu, tarehe unazotaka kwenda, gari utakalotumia na mahali utakapolala. Jibu nalo liwe la maandishi, hata kama ni barua pepe ya mstari mmoja. Ofisa akikwambia "sawa" kwa mdomo, mwandikie jioni ileile: "Asante kwa kuniruhusu leo kumtembelea kaka yangu." Maofisa huhamishwa, na anayekuja hajui mlichozungumza. Kisha ambatisha nakala ya ruhusa hiyo kwenye fomu ya gereza.

Akikataa, usiende. Wakili wako anaweza kuiomba mahakama ibadilishe sharti. Majaji wanafahamu uzito wa familia, hasa ombi likiwa la mzazi, mtoto au mwenzi wa ndoa.

Probesheni na paroli za majimbo zina masharti yake. Soma karatasi uliyosaini, neno kwa neno. Kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta mtu mzima unayemwamini akusomee. Usimpe mtoto wako kazi hiyo.

Mimi mwenyewe nimewahi kufungwa. Au tulishtakiwa pamoja.

Aliyewahi kufungwa anaweza kuomba, lakini atarajie faili lake lipande hadi kwa mkuu wa gereza. Taja ulikofungwa na ulikaaje huko. Kama ulimaliza bila adhabu za nidhamu, sema.

Mlioshtakiwa katika kesi moja mna mlima mrefu zaidi, hasa kesi ikiwa bado iko mahakamani au kwenye rufaa. Hapo wakili anahitajika, kwa sababu maneno mtakayozungumza kwenye chumba cha wageni si siri kama ya mtu na wakili wake.

Na kama kuna amri ya mahakama inayokukataza kumkaribia huyo mfungwa, au inayomkataza yeye kukukaribia wewe, kibali cha gereza hakiifuti. Amri ibadilishwe kwanza na mahakama iliyoitoa. Hili linawahusu sana wanandoa ambao kesi ilianzia kwenye ugomvi wa nyumbani, hata kama wameshapatana na wazee wamewakalisha chini.

Nina faini za barabarani sijalipa. Inahusu nini?

Inahusu sana. Faini ambayo hukuilipa wala kwenda mahakamani inaweza kugeuka waranti, yaani amri ya kukukamata, bila wewe kujua. Ukitoa kitambulisho getini, jina likiwaka kwenye kompyuta, polisi huitwa, na unaweza kukamatwa mbele ya watoto wako. Pigia ofisi ya karani wa mahakama ya kila kaunti uliyowahi kukamatwa au kuandikiwa faini, uulize. Waranti ndogondogo mara nyingi humalizika kwa wakili kuomba tarehe mpya au kwa kulipa. Malizana nazo kabla ya fomu.

Mimi si raia. Nikienda, nitajiweka hatarini?

Inategemea hali yako, na sitaki kukuhadaa kwa jibu la mkato. Fomu inataka namba yako ya A. Mtandao wa taarifa za polisi unaokaguliwa una pia waranti za kiutawala za uhamiaji. Mtu mwenye amri ya kuondolewa nchini anapoingia getini mwa gereza la serikali kuu anajipeleka mbele ya watu wenye uwezo wa kuiona amri hiyo.

Hata mwenye grinikadi asijione salama moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya hatia zinaweza kumfanya aondolewe nchini hata baada ya miaka mingi. Hatia zinazohusu dawa za kulevya ni mfano mkubwa, na hapo nawakumbusha wenzangu kwamba kathinoni iliyomo kwenye miraa, au mirungi, imewekwa katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani. Nyumbani ni biashara ya sokoni. Hapa ni kesi.

Onana na wakili wa uhamiaji, ukiwa na hati zote za kesi yako, kabla ya kutuma fomu. Akikushauri usiende, mtii, na utumie njia nyingine za kuwasiliana. Mfungwa mwenyewe hatafurahi ukija ukaishia kizuizini.

Huyu ni mtoto wa baba mdogo, lakini kwetu ni kaka. Niandike nini?

Andika anavyoitambua sheria ya huku: binamu. Familia ya karibu kwa BOP ni wazazi, wazazi wa kambo, walezi, kaka na dada, mwenzi wa ndoa na watoto. Baba mdogo, mama mkubwa, shangazi, mjomba, bibi, babu, mashemeji na mabinamu wamo kwenye kundi la pili, nao wanaweza kuingizwa kama hakuna sababu ya kuwakataa.

Najua inauma kumwandika binamu mtu mliyelala naye mkeka mmoja. Lakini ukiandika kaka, na ripoti yake ya kabla ya hukumu inataja mama mwingine na baba mwingine, mwenye rekodi anaonekana ameanza kudanganya hata kabla hajafika kwenye swali la makosa. Kama mlilelewa pamoja, liweke hilo kwenye barua ya maelezo. Kama wewe ndiye uliyemlea, sema ulimlea kuanzia umri gani na kwa nini wazazi hawakuwepo, mlezi anahesabiwa.

Yuko gereza la jimbo. Kanuni ni hizohizo?

Hapana, na tofauti zinaweza kuwa kubwa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Overton na Bazzetta, iliziacha zisimame kanuni za Michigan zilizokuwa zikiwazuia waliowahi kufungwa kutembelea wafungwa, isipokuwa wawe familia ya karibu na mkuu wa gereza akubali. Maana yake ni kwamba majimbo yana uhuru mpana wa kukaza.

California ni mfano wa kuogopesha kwa wasiojua. Fomu yao, namba 106, inauliza hata kukamatwa, si hatia tu. Na kifungu cha 4571 cha sheria yao ya makosa kinasema kwamba mtu aliyewahi kuwa na feloni na kufungwa katika gereza la jimbo hilo, akiingia kwenye eneo la gereza bila kibali cha mkuu, anatenda feloni nyingine. Eneo la gereza, si chumba cha wageni peke yake. Kwa hiyo hata kumpeleka shangazi na kumsubiri kwenye maegesho, bila kibali, kunaweza kukuponza.

Jela za kaunti zina kanuni za sherifu, na nyingi zimehamia kwenye mazungumzo ya video. Soma tovuti yao, kisha piga simu uhakikishe.

Siku yenyewe, nijiandae vipi?

Kitambulisho cha serikali chenye picha, ambacho hakijaisha muda. Nguo za heshima: mikono isiwe wazi, sketi isipande juu ya goti, kitambaa kisionyeshe mwili, na usivae rangi ya kaki wala kijani ya kijeshi kwa sababu hufanana na sare za wafungwa. Gauni la kitenge refu halina tatizo. Anayevaa hijabu apige simu siku kadhaa kabla aulize ukaguzi wake unafanywaje, na aombe ufanywe na mwanamke.

Usiingie na chakula. Mandazi ya mama utarudi nayo. Usiingie na simu, hirizi, mafuta ya kupaka wala barua ya kumpa mkononi. Sheria, 18 U.S.C. 1791, inaweka adhabu kwa kumpa mfungwa vitu vilivyokatazwa, na kwa baadhi ya dawa kifungo kinafika miaka 20. Mwenye rekodi hatapewa msamaha wa "sikujua". Kagua mifuko yote ya koti, na mfuko wa nepi za mtoto pia. Kama gari umeazima, litazame chini ya viti kabla ya kuingia maegesho: bangi halali ya jimboni kwako si halali kwenye ardhi ya gereza la serikali kuu.

Kukumbatiana mnapokutana na mnapoagana kwa kawaida kunaruhusiwa. Mfungwa anatakiwa kupata angalau saa nne za wageni kwa mwezi, na magereza mengi hutoa zaidi.

Nimekataliwa. Ndiyo mwisho?

Sivyo. Kwanza mwombe mfungwa aulize kwa kaunsela wake sababu ni ipi. Mara nyingine ni kosa dogo: saini imesahaulika, tarehe hazilingani, ruhusa ya ofisa wa probesheni haikuambatishwa. Hayo yanarekebishwa na fomu inarudishwa.

Kama sababu ni rekodi yako, kuna njia mbili, na mzitumie zote. Wewe unamwandikia mkuu wa gereza barua ya ukurasa mmoja ukiomba afikirie upya, na kuambatisha hati: kesi iliyofungwa, cheti cha mafunzo au matibabu uliyomaliza, barua ya mwajiri, barua ya shehe au mchungaji anayekufahamu kweli. Mfungwa naye ana utaratibu wa malalamiko. Anaanza kwa kujaribu kusuluhisha na wafanyakazi, kisha anajaza fomu BP-9 kwa mkuu wa gereza, ndani ya siku 20 tangu tukio. Akikataliwa anapanda kwa mkurugenzi wa kanda kwa BP-10, ndani ya siku 20, na mwisho makao makuu Washington kwa BP-11, ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita anaweza kupoteza haki ya kusikilizwa, kwa hiyo kama unajua ni mzito wa kuandika, mkumbushe.

Kama majibu yote ni hapana, subiri hali ibadilike kisha uombe tena. Probesheni ikiisha, hiyo ni hali mpya. Akihamishiwa gereza jingine, vilevile.

Watoto wake wanaweza kwenda bila mimi?

Wanaweza, na msiwanyime. Mtoto wa chini ya miaka 16 lazima aende na mtu mzima anayewajibika naye, na mtu huyo awe tayari kwenye orodha. Mzazi au mlezi anasaini kukubali. Bibi, shangazi au rafiki wa familia asiye na rekodi anaweza kubeba jukumu hilo wakati maombi yako yanasubiri. Kwa mwenye hatia ya kosa la kingono, njia hii mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki, maana chumba cha wageni huwa na watoto wa watu wengine.

Nikisubiri, tuwasilianeje?

Barua, simu, na ujumbe wa kompyuta ambao unabadilishana na mfungwa wa serikali kuu kupitia tovuti iitwayo CorrLinks. Kwenye barua andika jina lake kama lilivyo gerezani pamoja na ile namba ya tarakimu 8, la sivyo inaweza kupotea. Kama uko chini ya uangalizi, kumbuka ruhusa ya ofisa inahitajika hata kwa haya.

Barua za kawaida hufunguliwa na zinaweza kusomwa, simu zinarekodiwa. Kuzungumza Kiswahili hakubadilishi kitu, wakalimani wapo. Kwa hiyo msizungumzie kesi yako wala yake, msitaje majina ya watu mlioshtakiwa nao, na usimwulize kwenye simu uandike nini kwenye swali la makosa. Mwambie habari za nyumbani: nani ameoa, nani amejifungua, mama anaendeleaje na presha, mtoto amepata alama gani shuleni.